Pumzi ya Shikamoo

Mimi ni fundi cherehani, na kosa langu kubwa ni kwamba sikubali kutajiwa kipimo. Mteja akiniambia kiuno chake ni ishirini na nane, nasema sawa dada, halafu navuta futikamba shingoni na kumzungushia. Mara nyingi ni thelathini na mbili. Sibishani naye, naandika ninachokiona. Ndiyo maana yaliyotokea kati yangu na daktari Ngeleja mimi nayaita mambo ya vipimo, ingawa mume wangu Alois mpaka leo anasema yalikuwa mambo ya kichwa changu kigumu.

Ulikuwa mwaka 1995. Mitumba ilikuwa imejaa Sumbawanga nzima, na watu waliokuwa wakinililia niwashonee magauni ya Pasaka sasa walinunua ya Ulaya yakiwa tayari. Kazi yangu kubwa ikawa kupunguza makoti ya Wazungu wanene ili yawatoshe Wafipa. Tulipanga vyumba viwili pale Malangali, cha mbele cherehani na meza ya kukatia, cha nyuma kulala. Alois alishinda Mollo kwenye mahindi na ulezi wetu, akirudi Jumamosi kwa baiskeli. Mtoto wetu alikuwa mmoja tu, Leonia, miaka minane, mwembamba, mdadisi kama mimi na mkaidi kama baba yake.

Leonia alikuwa na pumu. Ilimwanza akiwa na miaka mitano, ikawa inakuja na kuondoka. Lakini mwaka ule, baridi ilipoanza mwezi wa tano, ilikuja na haikuondoka. Alfajiri nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yamepanda hadi masikioni, na kifuani mnalia miluzi. Ngozi ya katikati ya mbavu ilikuwa ikizama kila anapovuta hewa. Nilikuwa nikimkalisha karibu nami, nampa maji ya moto kidogo kidogo, nikihesabu anavyohema. Kufika saa nne asubuhi alikuwa nje anaruka kamba.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Hospitali ilikuwa na foleni, na foleni ile, hata ukienda mapema namna gani, ilikufikisha kwa daktari saa tano.

Na mimi nilikuwa na utaratibu wangu wa kwenda. Nimezaliwa Msanzi, na kwetu mtoto asiyesalimia wakubwa haulizwi jina lake yeye, linaulizwa la mama yake. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nilimwogesha Leonia kwa maji ya moto, nikampaka mafuta, nikamvisha gauni lililopigwa pasi. Karibu na lango la hospitali palikuwa na jiwe kubwa bapa. Nilimkalisha pale mpaka pumzi yake itulie, nikamfuta uso kwa ncha ya kanga.

"Usiingie ofisi ya watu unahema kama umefukuzwa na mbwa," nilimwambia. "Vuta pumzi vizuri, ingia, salimia. Usiniaibishe."

Na hakuniaibisha hata siku moja. Aliingia wima, akaunganisha mikono, akasema, "Shikamoo daktari," kwa sauti safi mpaka walio kwenye benchi nje wakatazamana na kutabasamu. Daktari Ngeleja, Msukuma mrefu mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, aliitikia marahaba kwa furaha ya kweli. Akaweka chombo chake kifuani kwa mtoto, huku na huku, akakitoa.

"Mama, huyu ana afya kutuzidi mimi na wewe."

"Alfajiri alikuwa hawezi kuongea."

"Baridi ya Ufipa hiyo. Hata mimi alfajiri siongei." Akaandika kwenye daftari letu, maana hospitali unakwenda na daftari lako la shule, daktari anaandika humo. Tukapewa Piritoni na dawa ya kikohozi.

Hiyo ilikuwa safari ya kwanza. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu, nesi Josefina aliyekuwa akiita majina mlangoni alinitazama juu hadi chini na kuniuliza, "Mama Leonia, siku hizi hakuna nguo za kushona?" Watu wa benchi wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu ukicheka na wanaokucheka inauma nusu. Lakini njiani kurudi nilikuwa na hasira mpaka nikakosea njia ya kwangu mwenyewe.

Wiki ile akaja mwalimu Mathias kuchukua suruali yake. Daftari la hospitali lilikuwa mezani. Nikamwomba anisomee, maana daktari aliandika Kiingereza, na Kiingereza changu kinaishia kwenye lebo za makoti.

Mwalimu akasogeza miwani. "Imeandikwa mtoto anaonekana mzima. Kifua kiko safi."

"Na hapa chini?"

Akasita. "Hapa chini imeandikwa mama ana wasiwasi."

"Huo nao ni ugonjwa?"

"Hapana, mama. Ni maelezo tu."

"Basi zile dawa wamemwandikia nani?"

Mwalimu alichukua suruali yake akaaga kwa upole kuliko kawaida.

Nilikaa na sentensi ile siku mbili. Iliniuma, sitaki kudanganya. Lakini ilipomaliza kuniuma ikaanza kunisumbua kwa namna nyingine. Je, kama ni kweli? Mtu aliyesoma miaka yote ile anasikiliza kifua na kukikuta safi. Mimi nasikiliza alfajiri na kukikuta kinalia. Wote wawili tunasema tulichokisikia. Sasa katikati ya alfajiri na saa tano kuna nini? Pumzi inakwenda wapi, na inarudi kwa njia gani? Nilijikuta nakata koti la mtu huku nawaza hayo, nikakata mkono mmoja mfupi.

Ndipo nikaona kwamba kosa lilikuwa langu, fundi mzima. Nilikuwa naenda kule na maneno. Mteja akija kwangu na maneno, nami simwamini.

Kwenye droo nilikuwa na pamba ya kujazia mabega ya makoti. Nikachukua kipande, nikakivingirisha kikawa sawa na kifungo cha koti. Nikatandaza futikamba ukingoni mwa meza ya kukatia, nikaipigilia pini miisho yote miwili, nikachora mstari wa chaki kwenye sifuri. Nikafunga dirisha na mlango, kwa sababu upepo wa Sumbawanga ungenidanganya. Nikamwita Leonia.

"Weka kidevu mezani hapa. Vuta hewa yote unayoweza, halafu puliza pamba mara moja."

"Iende wapi?"

"Hicho ndicho ninachotaka kujua."

Ilikuwa saa sita mchana. Pamba ilikwenda inchi thelathini na nane. Akapiga makofi, akataka tena, ikaenda thelathini na sita. Nikaandika ile kubwa. Jioni ilikwenda ishirini na tisa. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na mabega yake masikioni, ilikwenda kumi na moja.

Niliitazama ile kumi na moja muda mrefu. Naona haya kusema, lakini nilifurahi. Sikufurahia shida ya mwanangu, nilifurahi kwamba shida ile ilikuwa na urefu, na urefu nilikuwa nao mezani.

Tangu siku hiyo tulipima mara tatu kwa siku. Daftari langu la vipimo vya wateja lilikuwa na kurasa tupu nyuma, nikazipiga mistari. Leonia aliupenda mchezo ule. Alijua namba zake kuliko jedwali la kuzidisha kwa tatu, na asubuhi zile mbaya alikuwa akinionyesha kwa vidole kabla sijasoma futikamba. Mimi nikawa mtu wa maswali. Baada ya vumbi la kufungua mtumba, ngapi? Akilala na mito miwili, ngapi? Nilikuwa napiga pasi ya mkaa ndani kwa sababu ya baridi. Nikaitoa nje kwa wiki moja nione, majirani wakanicheka ninavyofukuzana na cheche na upepo, na namba za jioni zikapanda inchi tatu. Nikautoa chumbani mzigo wa makoti ya mtumba, zikapanda mbili. Sikuirudisha pasi ndani tena wala mzigo. Usiku mmoja nililia peke yangu nikifikiria miaka ambayo moshi ule ulikuwa ukimpata mtoto wangu na mimi nikiimba nyimbo za kanisani.

Lakini baada ya kupanda, namba zilianza kushuka tena. Polepole, kila wiki inchi moja, mbili. Ya asubuhi ilikuwa kumi na moja, ikawa tisa, ikawa saba. Hata ya mchana, ile ya kuruka kamba, ilifika thelathini. Huyu mtoto alikuwa anaondoka mikononi mwangu inchi kwa inchi, na duniani hakuna aliyejua isipokuwa mimi na yeye na daftari la magauni.

Katikati ya mwezi wa saba nililibeba daftari lile hospitalini. Nilimwogesha, nikampaka mafuta, tukapumzika kwenye jiwe. Akaingia, akasema shikamoo yake. Nikaweka daftari mbele ya daktari Ngeleja.

Alifungua katikati. "Jenifa, kifua thelathini na sita, nyonga arobaini," akasoma. "Mama, huyu Jenifa ana tatizo gani?"

"Nyuma, daktari. Kurasa za nyuma."

Akafika nyuma, nikamweleza. Sikuona dharau usoni mwake, niseme ukweli wake. Niliona uchovu, na nyuma ya uchovu kicheko. Akanyofoa pamba kwenye kopo lake, akaiviringisha, akaiweka mezani. "Haya, Leonia. Puliza."

Ilikuwa saa tano na robo. Leonia akapuliza, pamba ikavuka meza yote ikaanguka kwenye viatu vya nesi Josefina.

"Huyu atakuwa refa," akasema nesi.

"Mama," daktari akasema, kwa upole uliozidi kuniumiza, "mtoto akiwa na pumu kali hapulizi pamba namna hii. Endelea na zile dawa. Na wewe jaribu kulala." Akaandika kwenye daftari letu. Safari hii sikumpelekea mwalimu. Nilijua limeandikwa nini.

Jumamosi Alois akanisikiliza mpaka mwisho huku anakunywa uji. "Mama Leonia, daktari amepima mbele yako," akasema. "Kwa njia yako mwenyewe."

Na hapo alinikamata. Ndiyo, alipima kwa njia yangu. Kwa nini namba ya hospitalini ilikuwa kubwa kuliko ya nyumbani saa ile ile? Meza ni meza na pamba ni pamba. Mtoto ni yule yule. Niliuliza meza yangu, nikauliza dari, sikupata kitu.

Jibu lilikuja Jumanne, na lililetwa na bibi Coleta, bila yeye kujua.

Bibi Coleta alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, mzee mtaratibu, mtu wa jumuiya ya kanisani. Alikuja jioni kuchukua blauzi. Leonia alikuwa amekwisha kupuliza mara ya kwanza, inchi kumi na tisa, na alikuwa anajiandaa kwa mara ya pili. Mlango ukafunguliwa. Leonia akajinyoosha, akaunganisha mikono, akangoja kidogo, kisha akasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mtoto huyu amelelewa," akasema bibi Coleta.

Nikafunga mlango, nikamwambia bibi aniwie radhi dakika moja. "Haya, mara ya pili."

Leonia akaweka kidevu mezani. Pamba ikaenda inchi nane.

Nikadhani ni mlango uliingiza upepo. Nikasubiri, akapuliza tena, kumi na tano. Kisha nikafanya jambo ambalo bibi Coleta alilishangaa. "Leonia, msalimie bibi tena, vizuri, kama ulivyosalimia." Akasalimia. "Puliza." Ikaenda saba.

Bibi alipoondoka nilimvuta mtoto, nikamweka mapajani ingawa alikuwa mkubwa kwa mapaja. "Ukisalimia, unafanyaje?"

Alinitazama kama ninauliza kitu ninachokijua. "Naitunza."

"Unatunza nini?"

"Pumzi ya shikamoo. Tukiwa kwenye jiwe nakaa kimya naikusanya. Wewe unaongea na watu, mimi naikusanya. Halafu naingia naitoa yote, ili wasisikie ninavyohema." Akafikiria. "Siku ile ya pamba daktari alikaa anasoma daftari lako, nikapata muda wa kukusanya tena. Nilitaka nishinde."

"Na tukitoka?"

"Tukitoka nashika kanga yako."

Ni kweli. Kila tulipotoka hospitalini alishika ncha ya kanga yangu kwa mkono mzima mpaka nyumbani, na mimi nilidhani ni mapenzi. Alikuwa anajivuta kwangu kama mtu anayepanda mlima kwa kamba.

Nilitamani ardhi inimeze. Ugonjwa ule mimi mwenyewe ndiye niliyeuogesha, nikaupaka mafuta, nikaushonea gauni la kola, nikaufundisha kusalimia. Kisha nikawakasirikia watu kwa kutouona. Nilimkumbatia Leonia, akasema ninambana, nikamwachia haraka.

"Kuanzia leo," nikamwambia, "usimsalimie mtu kama hewa haitoshi. Hata akiwa padri. Mtu akiuliza, nitajibu mimi."

"Nisimsalimie hata padri?"

"Hata padri."

Akaipima amri ile. Nadhani hakuiamini.

Ijumaa ya wiki ile niliamka kabla ya jogoo kwa sababu ya kimya. Miluzi niliyoizoea haikuwepo. Leonia alikuwa ameketi ukingoni, macho wazi sana, midomo imepauka, na kifua kinakwenda mbio bila sauti. Nilimuuliza jambo, akajibu kwa kichwa. Nikambeba mpaka mezani, nikaweka pamba kwenye mstari. Akapuliza. Pamba ikatikisika, ikabaki pale pale.

Sikumwogesha. Sikumpaka mafuta. Nilimfunga mgongoni na kanga juu ya nguo alizolalia, juu yake nikatupia koti la mteja, nikatia mfukoni futikamba na pamba, daftari kwapani. Kulikuwa kunapambazuka na baridi ilikuwa ya kuuma meno. Nilisikia pumzi zake shingoni kwangu, fupi, fupi, nikatembea kwa kuzifuata. Tulipofika kwenye jiwe miguu yangu ilitaka kusimama kwa mazoea. Nikaikataza.

Benchi lilikuwa na watu watano tayari. "Ndugu zangu, mnisamehe," nikasema, nikapita. Mwanamke mmoja akaanza kulalamika, akamwona mtoto, akavuta miguu yake kunipisha.

Daktari Ngeleja alikuwa ndiyo kwanza anafika, koti jeupe halijaingia mkono wa pili. Nesi Josefina alikuwa anapanga makaratasi. Nilimshusha Leonia akasimama ameegemea ukingo wa meza, nywele timtim, uso haujanawa. Alimtazama daktari. Akaunganisha mikono. Nikaishika mikono yake nikaitenganisha.

Nesi Josefina akainua uso. "Ee, Leonia. Leo hata shikamoo hakuna? Adabu imebaki Malangali?"

"Adabu anayo," nikasema. "Pumzi ndiyo hana."

Nilitandaza futikamba juu ya makaratasi yake yote. Nikaweka pamba. "Puliza, mama." Leonia akainama, akapuliza, akapuliza tena, na pamba ikakaa imetulia kama imeshonewa pale. Hakuna aliyecheka.

Daktari alikuwa ameshaweka chombo kifuani kwa mtoto. Alisikiliza mbele, akasikiliza mgongoni. Mimi nilijua hakuna miluzi, nikadhani sasa atatamka lile lile, kifua kiko safi. Alisikiliza muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akasimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka.

"Haingii hewa," akamwambia nesi. "Aminofilini, na leta mtungi wa hewa. Sasa hivi."

Nesi Josefina akakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona anakimbia. Alirudi na sindano, akamketisha Leonia akimwegemeza kifuani kwake mwenyewe, anamsugua mgongo, anamwambia kwa Kifipa taratibu, taratibu, hali kanga yangu niliyomfungia mtoto imeanguka sakafuni na yeye ameikanyaga bila kujua. Daktari aliisukuma ile dawa kwenye mshipa polepole sana, anatazama saa yake. Mimi nilisimama kona nimeshika daftari. Sikuwa na cha kupima. Hiyo nusu saa sitaki kuirudia.

Kisha miluzi ikarudi. Kwanza mmoja, mwembamba, halafu mingi. Nilikuwa sijawahi kuupenda ule mlio. Siku ile nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Walimlaza wodini siku sita. Alois alikuja kutoka Mollo na vumbi hadi kwenye kope, akakaa miguuni mwa kitanda, hakusema neno lolote kuhusu kichwa changu.

Siku ya pili jioni, kazi zikiwa zimepungua, daktari Ngeleja alikuja wodini na kiti chake mwenyewe. Akaniomba daftari la magauni. Akafungua nyuma moja kwa moja. Alisoma kurasa zote, akifuata mistari kwa kalamu, na kadiri alivyosoma ndivyo uchovu ulivyokuwa ukimtoka machoni.

"Hapa zimepanda. Ulifanya nini?"

"Nilitoa pasi ya mkaa nje."

"Na hapa?"

"Mtumba niliuhamisha."

"Kwa nini uliandika dirisha limefungwa, dirisha limefungwa, kila siku?"

"Ili kesho nikiona namba nyingine nisiusingizie upepo."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mama Leonia, kila nilipomwona huyu mtoto ilikuwa saa tano. Amepumzika, amepakwa mafuta, ananisalimia kama mtoto wa kwaya. Niliamini nilichokiona."

"Mafuta ni yangu," nikasema. "Saa tano ni ya foleni yako."

Neno hilo sikulirudisha wala sikuliongezea. Nesi Josefina, aliyekuwa kitanda cha pili akibadilisha shuka, alijifanya hasikii, lakini tangu wiki iliyofuata alikuwa akitoka nje kabla ya kuita majina, akipita kwenye benchi na kumwinamia kila mtoto kumtazama anavyohema.

Tulipotoka Leonia alikuwa na dawa ya kuvuta kwa mdomo, asubuhi na jioni, ambayo daktari alituelekeza tuitafute katika maduka ya dawa yaliyokuwa yakifunguliwa mjini mwaka ule. Alituonyesha namna ya kuivuta mpaka mtoto akachoka kuonyeshwa. Na katika daftari la hospitali aliandika upya, kwa Kiswahili, herufi kubwa, nikasoma mwenyewe nikiwa nimesimama mlangoni: Mtoto ana pumu kali. Mama anapima pumzi kila siku. Akileta namba ndogo, aingizwe bila foleni na asikilizwe.

Nilimwonyesha mwalimu Mathias sentensi ile ingawa hakuhitajika kuisoma.

Nyumbani tuliendelea kupima. Namba zilipanda kwa kusuasua, siku nyingine zikirudi nyuma, na mwezi wa tisa joto lilipoanza, ya asubuhi ilikuwa ishirini na sita. Leonia alikuwa bado na mgogoro na amri yangu ya salamu. Aliwapita wazee wa Malangali kimya akininyooshea kidole mimi niliyetoa ruhusa, na ikanibidi nisimame njiani kueleza ugonjwa wote mwanzo mpaka mwisho. Jina langu liliulizwa sana mwezi ule.

Siku ya kurudi kuonwa tulikwenda asubuhi na mapema. Kwenye jiwe lile alinitazama, nami nikatikisa kichwa, tukapita. Nesi Josefina akatuita wa kwanza.

Daktari Ngeleja alikuwa mezani. Leonia alipofika kizingitini akaanza kuunganisha mikono, na daktari akainua mkono wake kumzuia.

"Ngoja. Usinisalimie kwanza," akasema. "Puliza."

Nikaona kwamba kwenye ukingo wa meza yake amebandika kipande cha futikamba, kimekatwa vibaya, halafu kimebandikwa plasta ya hospitali. Juu yake palikuwa na pamba. Leonia akaweka kidevu, akapuliza. Pamba ikapita mwisho wa futikamba, ikapita kopo la kalamu, ikaangukia mapajani kwa daktari.

Leonia hakuketi. Alijinyoosha wima pale pale, bila kungoja, bila kukusanya kitu.

"Shikamoo daktari. Shikamoo nesi. Na nyie wa benchi, shikamooni."

Wakaitikia wote. Nami nikapima kwa futikamba yangu, nikafungua daftari nyuma, nikaandika namba.